Sukari ya Jioni: Ukiwa na Kisukari na Unameza Vidonge vya Steroidi

Haya ni mazungumzo ambayo mwelimishaji wetu wa afya aliyafanya na wanafunzi wa sekondari mjini Moshi. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema, ili na wewe ambaye hukuwapo uyapate.

Naona wengine macho yameanza kuwa mazito. Najua, mmetoka kula makande sasa hivi, na makande na usingizi ni ndugu. Lakini leo naomba msilale, maana ninalotaka kuwaambia lilikaribia kumwondoa ndugu yangu duniani. Mara mbili. Na wewe unayesoma gazeti hili chini ya dawati wakati wa prepu, karibu pia. Mwalimu akikukamata, mpe na yeye asome.

Ndugu yangu huyo ni binti wa baba mdogo. Jina lake silitaji, mwenyewe amenikubalia nisimulie bila jina. Alipata kisukari akiwa na miaka 13, kile cha aina ya kwanza, ambacho mtu hawezi kuishi bila sindano za insulini. Pumu alikuwa nayo tangu utotoni. Kwa hiyo alipokwenda shule ya bweni alikuwa na mizigo miwili. Ule wa pumu watu waliujua, kwa sababu pumu haifichiki. Ule wa kisukari aliuficha. Insulini yake ilikaa kwenye jokofu la matroni, na wenzake aliwaambia kwamba zile ni sindano za vitamini. Rafiki mmoja tu, anayelala kitanda cha juu yake, ndiye aliyeujua ukweli.

Sasa ikafika Julai. Mnaijua Julai ya huku, hasa huko juu: ukungu, manyunyu, baridi inaingia hadi kwenye mifupa. Pumu ikambana usiku. Akapelekwa kwenye zahanati, akapewa dawa ya kuvuta, na vidonge vya prednisoloni vya siku tano, ameze kila asubuhi. Ni matibabu sahihi kabisa, pumu kali inatibiwa hivyo. Lakini hakuna aliyemwuliza kama ana ugonjwa mwingine, na yeye hakusema.

Siku ya pili asubuhi akajipima sukari: 6.8. Nzuri! Siku ya tatu asubuhi: 7.1. Nzuri! Vijiti vya kupimia ni ghali, kwa hiyo alikuwa akitumia kimoja tu kwa siku, na alikitumia asubuhi. Lakini mchana kiu ilikuwa haiishi. Aliomba ruhusa ya kwenda chooni mara tatu katika kipindi kimoja, hadi mwalimu akadhani anakwepa hesabu. Jioni ya siku ya tatu akaanza kutapika. Akajiambia, "Sijala kitu, basi sichomi insulini." Hapo ndipo alipokosea kabisa.

Siku ya nne jioni alikuwa anahema kwa nguvu kama mtu aliyepanda mlima anakimbia, tumbo linamuuma, anaongea maneno yasiyoeleweka, na pumzi yake inanukia harufu tamu, kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Mwalimu wa zamu akainusa ile harufu. Jamani, mko Kilimanjaro hapa. Harufu ya ndizi zilizochachuka, mtu anayumba, mwalimu atafikiri nini? Mbege! Akaamuru alazwe bwenini, na kesho yake aletwe ofisini kujibu shtaka la ulevi.

Yule rafiki yake wa kitanda cha juu ndiye aliyesimama mbele ya mwalimu na kusema, "Mwalimu, hajanywa pombe. Ana kisukari. Naomba apelekwe hospitali." Walipomfikisha hospitali sukari yake ilikuwa 27. Daktari alisema angelala bwenini hadi asubuhi, huenda asingeamka.

Hiyo ndiyo mara ya kwanza. Ya pili nitawaambia baadaye. Kwanza tuelewane kilichotokea ndani ya mwili wake.

MFONGO, KIHAMBA NA MLANGO WA MAJI

Nani hapa kwao wana mfongo? Naona mikono ya Kibosho, Uru, Old Moshi, Marangu. Safi. Basi mtanielewa upesi.

Mfongo unachukua maji kwenye kijito huko juu na kuyashusha hadi kwenye vihamba. Maji yanapita kwa huyu, yanapita kwa yule. Lakini hayaingii kihambani yenyewe. Lazima mtu aende kwenye mlango wa maji, aondoe mawe, tope na magome ya mgomba yaliyoziba, ndipo migomba inywe. Na sehemu nyingine kuna bwawa dogo linalojazwa usiku, ili asubuhi yafunguliwe maji ya kutosha.

Sasa fikiri hivi. Damu yako ndiyo mfongo. Sukari ndiyo maji. Misuli ndiyo vihamba vyenye kiu. Ini lako ndilo lile bwawa, linahifadhi sukari na kuitoa polepole wakati hujala. Na insulini, homoni inayotengenezwa na kongosho, ndiyo yule mtu anayefungua milango ya vihamba na kulizuia bwawa lisimwage ovyo.

Mwenye kisukari cha aina ya kwanza hana kabisa mfungua mlango, lazima amlete kwa sindano. Mwenye kisukari cha aina ya pili anaye, lakini amechoka au hatoshi, na milango nayo imekuwa migumu. Katika hali zote mbili maji yanajaa kwenye mfongo huku vihamba vinakauka. Mfongo ukifurika, maji yanamwagika njiani: ndiyo ule mkojo mwingi. Ukikojoa sana unapata kiu. Misuli haipati chakula, unachoka na kukonda. Mwili ukikosa insulini kabisa unaanza kuchoma mafuta kwa fujo, na moshi wake ni tindikali ziitwazo ketoni. Hizo ndizo zinazoleta kutapika, kuhema kwa nguvu na ile harufu tamu iliyodhaniwa kuwa mbege.

STEROIDI NI NINI?

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Sisemi zile steroidi za wabeba vyuma wanaotaka misuli kama ya mwanamieleka. Hizo ni za kundi jingine, na zina hatari zake. Ninazozungumzia ni dawa zinazofanana na kotisoli, homoni inayotengenezwa na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zako. Mwili huitumia kila siku, na huiongeza ukiwa mgonjwa au kwenye shida. Majina utakayoyasikia hospitali ni prednisoloni, deksamethasoni na haidrokotisoni.

Dawa hizi si adui. Mwaka 1948, huko Rochester katika jimbo la Minnesota, Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimpa kotisoni mwanamke aliyekuwa amelemazwa na ugonjwa wa viungo. Baada ya siku chache akatembea. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobel. Na juzi tu, Juni 2020, watafiti wa Oxford walitangaza kwamba deksamethasoni, dawa ya siku nyingi na ya bei ndogo, inapunguza vifo vya wagonjwa wa korona waliofikia hatua ya kuhitaji oksijeni.

Hata mlima wetu unaijua dawa hii. Anayepanda Kilimanjaro, mita 5,895, kwa haraka kupita kiasi anaweza kuvimba ubongo kwa sababu ya hewa nyepesi. Tiba ya kwanza ni kumshusha chini, na dawa inayomsaidia wakati anashushwa ni deksamethasoni. Hospitalini prednisoloni hutolewa kwa pumu kali, kwa baadhi ya magonjwa ya figo ya watoto, ya ngozi, ya macho na ya viungo, na wakati mwingine kwa aina fulani za kifua kikuu, kama kile cha kwenye utando wa ubongo. Kwa hiyo uwezekano wa wewe au mtu wa nyumbani kwenu kupewa dawa hizi siku moja si mdogo.

Shida ni nini basi? Steroidi zinafanya mambo mawili kwa pamoja. Zinaliambia ini: fungua bwawa! Na wakati huohuo zinakaza milango ya vihamba, yule mfungua mlango anasukuma na mlango haufunguki. Maji yanaongezeka juu, chini hayaingii. Sukari inapaa, hata kama hujala kitu. Ndiyo maana wazo la "sijala, sichomi" lilikuwa la hatari. Hakula, lakini bwawa lilikuwa limefunguliwa, na yeye akamwondoa mfungua mlango pekee aliyekuwa naye.

UJANJA WA SAA

Hapa naomba kila mtu ashike kalamu. Hata kama utasahau mengine yote, hili liandike.

Ukimeza prednisoloni asubuhi, sukari haipandi saa hiyohiyo. Inaanza kupanda kuelekea mchana, inakuwa juu alasiri na jioni, kisha usiku inashuka. Alfajiri inaweza kuwa nzuri kabisa. Kwa hiyo ukijipima asubuhi tu, mashine itakupongeza kila siku, na wewe kila jioni unazama. Ndivyo ilivyokuwa kwa ndugu yangu: asubuhi 7.1, na mchana wake anatoroka darasani kwenda chooni. Mashine haikudanganya, aliiuliza saa isiyofaa.

Deksamethasoni ni tofauti kidogo. Inakaa mwilini muda mrefu, hivyo sukari inaweza kuwa juu mchana na usiku pia. Na vidonge vikigawanywa, vingine asubuhi na vingine jioni, ule mteremko wa usiku unaweza usiwepo.

Kwa hiyo anayetumia insulini, katika siku za steroidi apime kabla ya kila mlo na kabla ya kulala. Najua mtasema, "Dada, vijiti vyenyewe viko wapi?" Naelewa. Iambie kliniki yako mapema kwamba umeanzishiwa steroidi, uombe vya ziada. Na kama kweli umebaki na kimoja kwa siku, usikimalize alfajiri. Kitumie kabla ya chakula cha jioni. Isipokuwa tu unapohisi dalili za sukari kushuka, hapo pima saa yoyote.

MARA YA PILI

Sasa nirudi kwa ndugu yangu. Alipopona, ukoo ulikaa. Baba mdogo akasema, "Vile vidonge visiingie tena nyumbani kwangu. Bora pumu kuliko ile sukari." Wazee wakaafiki. Nami nilikuwepo, nimeshamaliza chuo kikuu, nikanyamaza kwa sababu baba mkubwa alikuwa ameshasema. Kunyamaza kule najuta hadi leo.

Ikaja likizo ya mwisho wa mwaka, mkajua wenyewe: ndugu wote wanapanda kutoka Dar, vumbi la magari, moshi wa kuchoma nyama. Siku hiyo pumu ilimshika saa saba usiku. Vidonge alivyokuwa ameandikiwa na daktari kwa ajili ya dharura vilikuwa vimetupwa. Alifika mahali hawezi kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi. Midomo ikabadilika rangi. Vijana walimbeba kwenye kiti gizani, kwenye utelezi, hadi barabarani gari linakopita. Huko hospitali, dawa iliyomwokoa pamoja na oksijeni ilikuwa ipi? Steroidi. Ileile iliyofukuzwa nyumbani.

Asubuhi daktari alituita sote, na baba mdogo mbele. Alisema neno moja ambalo ndilo nililokuja kuwapa leo: dawa hizi mbili si za kuchagua moja. Aliye na pumu kali na kisukari anazihitaji zote, na kinachohitajika ni mpango. Pumu inaua kwa dakika. Kukosa insulini kunaua kwa siku chache. Huwezi kutupa moja ukategemea nyingine ikuonee huruma.

KUACHA GHAFLA: HATARI NYINGINE

Kuna jambo jingine kuhusu steroidi. Ukizitumia muda mrefu, kwa kawaida zaidi ya wiki tatu hivi, zile tezi zako juu ya figo zinaona kazi inafanywa na mwingine, zinalala. Ukiacha vidonge siku moja tu ukasema "basi", tezi haziamki papo hapo. Unaishiwa nguvu, unatapika, shinikizo la damu linaanguka, unaweza kufa. Ndiyo maana daktari hupunguza dozi kidogo kidogo, kama mpandaji anavyoshuka mlima, hatua kwa hatua. Dozi fupi ya siku tano kwa pumu mara nyingi haihitaji kupunguzwa hivyo, lakini anayeamua ni mtoa huduma, si wewe na rafiki yako bwenini.

Na wakati wa kushuka, angalia upande wa pili. Steroidi zikipungua, milango ya vihamba inalegea na bwawa linafungwa. Kama insulini ilikuwa imeongezwa na hukuirudisha chini, sukari itaanguka. Dalili zake: jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Sukari iliyo chini ya 4 ni ya kushughulikiwa hapo hapo. Koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji unywe, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Baada ya dakika 15 pima tena. Ikiwa bado iko chini, rudia. Ikipanda, kula kitu. Na mtu aliyezimia usimmiminie kitu mdomoni, mlaze ubavu na mkimbize hospitali.

SASA NIFANYE NINI?

Haya, tuyapange.

Moja: sema. Ukienda zahanati yoyote, kabla hujaandikiwa dawa, sema "nina kisukari". Ukienda kliniki ya kisukari, sema "nimeanzishiwa prednisoloni". Watoa huduma hawa wawili mara nyingi hawako chumba kimoja, wewe ndiye barua inayotembea kati yao. Andika kwenye daftari lako la kliniki jina la dawa, dozi na tarehe ya kuanza.

Mbili: uliza swali hili kabla hujatoka: "Nikiwa kwenye vidonge hivi, insulini yangu niifanyeje, na nikivimaliza niirudishe vipi?" Mara nyingi huongezwa, hasa ile ya asubuhi na mchana. Kiasi gani? Hicho hapimi jirani, hapimi gazeti. Ni kliniki yako.

Tatu: usiache insulini kwa sababu hujala. Hili ni kwa wa aina ya kwanza, na ni sheria. Kiasi kinaweza kubadilishwa, lakini ile ya msingi haiachwi.

Nne: kunywa maji. Si soda, si juisi ya miwa, si chai yenye vijiko vinne.

Tano: jua lini uache kusubiri. Kama sukari inazidi 14 na haishuki, au unatapika, unaumwa tumbo, unahema kwa nguvu, au pumzi ina harufu tamu, hiyo ni hospitali, usiku huohuo. Moshi tuna Mawenzi, tuna KCMC. Aliye mlimani aende kituo cha afya kilicho karibu, wampe rufaa na huduma ya kwanza.

Na chakula? Steroidi zinaleta njaa kali, hilo ulijue, si uroho wako. Usijinyime kula, ila panga. Nusu ya sahani iwe mboga: mnafu, mchicha, sukuma. Sehemu moja maharage au nyama, sehemu moja ugali au ndizi. Mtori na kiburu si haramu, lakini ndizi ni wanga, zihesabu kama ugali wako, usizile pamoja na ugali. Uji wa asubuhi uombe bila sukari. Najua huko chini TPC wanatengeneza sukari na tunaipenda kwa kuwa ni ya kwetu, lakini si lazima iishie yote kwenye kikombe chako.

NA WEWE USIYE NA KISUKARI?

Usifikiri mazungumzo haya si yako. Yule rafiki wa kitanda cha juu hakuwa na kisukari wala pumu. Hakuwa daktari. Alikuwa na vitu viwili tu: alijua, na alisema. Mwaka 1922, huko Toronto, Kanada, mtu wa kwanza kutibiwa kwa insulini alikuwa mvulana wa miaka 14, umri wenu hasa. Kabla ya hapo kijana mwenye kisukari cha aina ya kwanza alikuwa anasubiri kifo tu. Leo dawa ipo, na kinachoua vijana wengi ni kuchelewa, kuficha na kunyanyapaana.

Kwa hiyo ukimwona mwenzako anajichoma sindano, usimwite "teja". Usimwambie kwamba amekula pipi nyingi, kisukari cha aina ya kwanza hakiletwi na pipi. Usiogope kula naye, hakiambukizi. Mwulize tu, "Ukizidiwa, nifanye nini?" Na walimu wetu, kwa heshima zote: mwanafunzi anayenukia kama pombe naye anahema na kutapika, apimwe sukari kwanza. Adhabu ikiwa ni halali, itamkuta kesho akiwa hai.

MASWALI YENU

Baada ya mazungumzo wanafunzi waliandika maswali kwenye vikaratasi. Haya ni baadhi.

Mimi natumia pampu ya pumu ya kila siku, nasikia nayo ina steroidi. Niiache kwa ajili ya sukari?

Usiiache. Dawa ya pampu inakwenda kwenye mapafu, na kwa dozi za kawaida kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana ukilinganisha na vidonge. Tena ukiitumia vizuri kila siku, unapunguza mashambulizi, na hivyo unapunguza siku za kumeza prednisoloni. Sukutua mdomo kwa maji ukimaliza kuvuta.

Sina kisukari. Je, prednisoloni inaweza kunipa?

Inaweza kupandisha sukari hata kwa asiye na kisukari, hasa ikiwa dozi ni kubwa au ya muda mrefu, au mtu ni mnene, au ndugu zake wana kisukari. Wengi inarudi chini dawa ikiisha, wengine haishuki. Ukianza kukojoa sana na kuwa na kiu ukiwa kwenye dawa hizi, omba upimwe, na iwe mchana au jioni.

Kuna dada anauza vidonge vya kunenepesha na kuongeza makalio. Eti ni vitamini?

Mwulize jina la dawa iliyomo. Katika nchi kadhaa za Afrika, jirani zetu wa Kongo wakiwemo, deksamethasoni imekuwa ikiuzwa hivyo. Uso unavimba na kuwa wa mviringo, unajiona umenawiri, kumbe sukari na shinikizo la damu vinapanda na tezi zinalala. Dawa ya hospitali bila hospitali, usimeze.

Na mkorogo?

Krimu nyingi za kujichubua zimekutwa na steroidi kali, na Tanzania imepiga marufuku vipodozi vya aina hiyo. Zinakonda ngozi, na ukipaka mwili mzima kwa muda mrefu dawa inaingia hadi kwenye damu. Ukiwa na tatizo la ngozi, hapo KCMC tangu mwaka 1992 kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Wengine wanatoka mbali kuja kujifunza hapo, na wewe uko nao mji mmoja!

Bibi ananichemshia majani ya mlonge na mwarobaini. Niache sindano?

Bibi anakupenda, mshukuru. Lakini hakuna jani linaloweza kuchukua nafasi ya insulini kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza. Mwombe bibi akusindikize kliniki siku moja, amsikie daktari mwenyewe. Ukimheshimu, atakuelewa.

Yule ndugu yako yuko wapi sasa?

Nilijua mtauliza. Mwaka jana, Julai ileile ya baridi, pumu ilimbana tena. Safari hii alifika zahanati akasema kwa sauti: "Nina pumu na nina kisukari, naongezewaje insulini?" Akameza prednisoloni siku tano. Akapima kabla ya chakula cha mchana na cha jioni, akafuata karatasi ya kliniki yake, akaongeza, na vidonge vilipoisha akapunguza. Siku ya tatu jioni ilifika 13, akapiga simu kliniki, wakarekebisha. Hakulala hospitali hata usiku mmoja. Na zile sindano haziitwi tena vitamini. Bweni zima linajua zinaitwaje, na matroni ameandika saa zake ukutani.

Basi vijana wenzangu, mimi naishia hapo. Dawa zote mbili, kipimo cha jioni, na mdomo wa kusema. Rudini darasani salama, na mwenye swali aliloona aibu kuliandika, nipo hapa nje chini ya mti hadi kengele ya saa kumi.